Soriasisi: Vitamini ya Kupaka Nayo Ina Kipimo

  Leo tunazungumzia ugonjwa wa ngozi uitwao soriasisi, na dawa moja inayotumiwa kuutuliza.

Soriasisi hutokea kinga ya mwili inapoichochea ngozi kuota upesi kupita kiasi. Ngozi ya kawaida hujibadili kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Ya mgonjwa hujibadili kwa siku chache tu. Ngozi hiyo hurundikana ikafanya mabaka mazito yenye magamba meupe, hasa viwikoni, magotini, kiunoni na kichwani. Ugonjwa huu si ukoma, si choa, wala mtu hakurogwa. Hauambukizi. Kuleni sahani moja na mgonjwa, msimtenge.

Dawa yenyewe huitwa kalsipotrioli, nayo ni jamaa ya vitamini D. Mwaka 1985 madaktari wa Japani walieleza habari za mgonjwa wa mifupa aliyekuwa akimeza dawa ya jamii ya vitamini D, na mabaka yake ya soriasisi yakapungua. Baadaye zikatengenezwa dawa za kupaka. Hupunguza kasi ya ngozi kuota, lakini haziumalizi ugonjwa kabisa.

Sasa tega sikio. Ukisikia neno vitamini, usidhani kwamba kupaka nyingi ndiko kupona haraka. Dawa hii ikizidi huingia mwilini na kupandisha madini ya kalsiamu katika damu. Dalili zake ni kiu kali, kukojoa mara kwa mara, kichefuchefu, kufunga choo na kuishiwa nguvu. Ukiziona, acha kupaka na uende hospitali siku hiyo hiyo.

Mtu mzima asipitishe gramu 100 kwa wiki. Tyubu tatu za gramu 30 ni gramu 90, kwa hivyo hapo umekaribia mpaka. Kipimo cha mtoto hupangwa na daktari.

Fuata mambo haya:

1. Paka safu nyembamba juu ya baka tu, mara moja au mbili kwa siku kama ulivyoelekezwa.

2. Usipake usoni. Dawa hii huwasha, na si ya kung'arisha ngozi.

3. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kupaka, kabla ya kugusa macho au kumshika mtoto.

4. Usichanganye na dawa yenye asidi ya salisili, kama marhamu ya Whitfield ambayo wengi huipaka choa. Asidi hiyo huiharibu kalsipotrioli.

5. Pwani yetu ina jua kali. Ukiwa shambani au ufuoni, funika mabaka kwa nguo nyepesi, na usiote jua kwa muda mrefu.

6. Marhamu hii ina mafuta ya parafini. Nguo au shuka iliyoyanyonya hushika moto upesi, basi jihadhari na jiko, kibatari na sigara.

Kabla ya kuanza, mwambie daktari kama una ugonjwa wa figo au ini, kama kalsiamu yako ilishawahi kupanda, kama una mimba au unanyonyesha, au kama unameza vidonge vya kalsiamu au vitamini D. Na kama umekuwa ukipaka krimu kali ya steroidi, usiiache ghafla bila ushauri, maana ugonjwa unaweza kurudi kwa nguvu zaidi.

Uwe na subira. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hivi, na kwa wengine hadi wiki nane. Ngozi ikiwasha sana, mabaka yakitoa usaha, au mwili mzima ukiwa mwekundu na wa moto, usingoje. Nenda hospitali.

Nunua dawa katika duka lililosajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na usimpe jirani tyubu yako kwa kuwa tu mabaka yake yanafanana na yako. Yake huenda ni choa, nayo ina dawa yake.