KUKABIA JUU: KAZI YA WACHEZAJI AU KAZI YA KLABU?



Klabu ya Young Africans ilipoachana na mwalimu Miguel Gamondi katikati ya Novemba 2024 na kumtangaza Sead Ramović kushika nafasi yake, mabishano yaliyozuka mitaani hayakuhusu majina ya watu peke yake. Yalihusu namna ya kucheza kandanda. Gamondi alikuwa amejijengea heshima isiyo ndogo: tarehe 5 Novemba 2023 vijana wake waliifunga Simba mabao 5 kwa 1, msimu huo wakatwaa ubingwa wa nchi, na katika Ligi ya Mabingwa wa Afrika wakafika robo fainali, wakatolewa na Mamelodi Sundowns kwa mikwaju ya penalti tu. Vipigo viwili ndani ya juma moja, bao 1 kwa 0 kutoka kwa Azam na mabao 3 kwa 1 kutoka kwa Tabora United, vilitosha kuifuta heshima hiyo yote.

Ramović alitoka TS Galaxy ya Afrika Kusini akiwa na sifa moja kubwa, nayo ni kufundisha timu ikabie juu. Jangwani na Kariakoo neno hilo likawa gumzo la asubuhi na jioni. Wapo waliodai kwamba huo ndio mpira wa kisasa na asiyeutaka apishe njia. Wapo waliodai kwamba huo ni mpira wa nchi za baridi, na kwamba mchezaji anayekimbizwa hivyo katika joto la Dar es Salaam mwezi wa Desemba atazimia kabla ya mapumziko. Madai yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote mawili yaliukwepa mzizi wa jambo.

Yafaa kwanza ieleweke kukabia juu ni nini. Timu ya namna hiyo haimngoji mpinzani afike katika nusu yake ya uwanja. Humfuata huko huko langoni kwake anapoanza kupanga mashambulizi. Mshambuliaji wa kati humwendea beki mwenye mpira, tena si kwa mstari ulionyooka bali kwa kupinda, ili mwili wake uzibe pasi ya kwenda upande wa pili. Mawinga huwabana mabeki wa pembeni. Viungo hupanda na kuwashika viungo wenzao. Mabeki wa kati nao husogea mpaka karibu na mstari wa katikati ya uwanja, na mlinda mlango hutoka langoni kulinda eneo kubwa lililoachwa wazi. Wote hungoja ishara: pasi ya kurudi nyuma, mpira uliotulizwa vibaya, beki aliyegeukia mstari wa pembeni akawa hana pa kutokea. Ishara ikitokea, wote huondoka kwa pamoja. Mmoja akichelewa, wenzake wamekimbia bure, na nyuma yao kuna shamba lisilo na mlinzi. (Ramović mwenyewe alikuwa mlinda mlango enzi zake za kucheza, mtu aliyezoea kuyaona mashimo hayo kutoka nyuma ndiye aliyekuja kuyachimba.)

Sheria za mchezo zenyewe zimeupa nguvu utaratibu huu. Tangu 1992 mlinda mlango hana ruhusa ya kudaka mpira aliorudishiwa kwa mguu na mwenzake, na tangu 2019 mpira wa goli unaweza kupokewa ndani ya eneo la penalti. Timu nyingi zimevutika kuanza kwa pasi fupi mbele ya lango lao, na penye pasi fupi ndipo mwindaji hujificha.

Lakini wanaouita huu mpira wa jana na leo wanakosea. Valeriy Lobanovskyi aliufundisha Dynamo Kyiv, katika Umoja wa Kisovieti wa wakati ule, miaka 50 iliyopita. Mtu huyo aliichukulia timu kama kiwanda ambamo kila kiungo cha mtambo kina kazi yake na kila kazi hupimwa. Pamoja na mtaalamu Anatoliy Zelentsov walihesabu nguvu anayotumia mchezaji mazoezini na katika mechi. Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1975 Dynamo waliifunga Ferencváros ya Hungaria mabao 3 kwa 0 na kutwaa Kombe la Washindi barani Ulaya, na mshambuliaji wao Oleg Blokhin akachaguliwa kuwa mchezaji bora wa Ulaya.

Sehemu ya pili ya kisa hicho haisimuliwi mara nyingi. Wakuu wa michezo wa Kisovieti walipoona mafanikio hayo, waliamua kwamba wachezaji wa Dynamo ndio wawe pia timu ya taifa. Watu wale wale, kwa mazoezi yale yale mazito, wakabebeshwa ligi, Kombe la Ulaya, mashindano ya mataifa ya Ulaya na Michezo ya Olimpiki ya Montreal, yote katika mwaka 1976. Machi walitolewa na Saint-Étienne ya Ufaransa baada ya kushinda mechi ya kwanza 2 kwa 0. Mei walitolewa na Chekoslovakia. Montreal waliambulia medali ya shaba. Majira ya joto hayakwisha kabla wachezaji hawajagoma dhidi ya waalimu wao. Waliokuwa mashujaa mwaka mmoja tu nyuma walisema miguu imekwisha. Mbinu haikuwa imebadilika; kilichobadilika ni mzigo, na mzigo huo haukupangwa na mwalimu peke yake.

Hapo ndipo mabishano ya Jangwani yalipopaswa kuanzia. Joto ni tatizo, naam, lakini joto lina dawa: kubadilisha wachezaji mapema, kukabia kwa vipindi na kupumzika na mpira miguuni, kufanya mazoezi saa zinazofaa. Siku hizi sheria inaruhusu kubadilisha wachezaji 5 katika mechi. Kisicho na dawa ni haraka. Ramović alitangazwa tarehe 15 Novemba, na tarehe 26 Novemba, siku 11 baadaye, timu iliikabili Al Hilal ya Sudan katika mechi ya kwanza ya makundi ya Ligi ya Mabingwa. Katika siku 11 mtu hawezi kuwafundisha watu 11 kuondoka kwa ishara moja. Young Africans walifungwa 2 kwa 0 nyumbani, kisha wakafungwa tena 2 kwa 0 na MC Alger huko Algeria.

Baada ya hapo mafunzo yakaanza kuota. Mjini Lubumbashi Prince Dube alisawazisha dhidi ya TP Mazembe katika dakika za nyongeza. Katika ligi ya nyumbani mabao yakaja kwa manne na matano, na mashabiki wakapata kaulimbiu yao, gusa, achia, twende kwao. Tarehe 4 Januari 2025 Mazembe hao hao walifungwa 3 kwa 1 Dar es Salaam, Clement Mzize akifunga 2 na Aziz Ki 1. Juma moja baadaye Al Hilal, waliokuwa wakichezea Mauritania kwa sababu ya vita vya nchini kwao, walifungwa 1 kwa 0. Ilibaki mechi ya mwisho na MC Alger, tarehe 18 Januari. Ilikwisha 0 kwa 0. Al Hilal walimaliza na pointi 10, MC Alger 9, Young Africans 8.

Pointi moja. Hakuna awezaye kuapa kwamba Gamondi angeipata. Timu aliyoiacha ilikuwa imeanza kuyumba. Lakini mechi mbili za mwanzo zilizopotea ndizo zilizolipia gharama ya kubadili mwalimu pamoja na mbinu mlangoni mwa mashindano makubwa, na uamuzi huo haukufanywa na mchezaji yeyote aliyezomewa jukwaani.

Mwanzoni mwa Februari 2025 Ramović naye aliondoka, akaenda CR Belouizdad ya Algeria. Chini ya miezi mitatu! Wale waliowalaumu viongozi kwa kukosa subira walikosa la kusema, maana safari hii aliyekosa subira ni mwalimu. Miloud Hamdi alichukua usukani, na Juni 2025 klabu ikatwaa ubingwa wake wa nne mfululizo, pamoja na Kombe la Shirikisho la nchi.

Wapo wanaoutumia ubingwa huo kuthibitisha kwamba waalimu watatu katika msimu mmoja si hoja. Wanasahau kilichopimwa. Katika ligi ya nyumbani, klabu iliyokuwa na Djigui Diarra langoni, Khalid Aucho katikati na Pacôme Zouzoua mbele iliweza kushinda mechi nyingi kwa vipaji vya mmoja mmoja, hata kama watatu walikabia na wengine wakatazama. Mbele ya MC Alger na Al Hilal vipaji vinakaribia kulingana, na hapo ndipo kukimbia kwa pamoja kunapoamua nani avuke. Utaratibu huo hujengwa kabla ya msimu, kwa majuma kadhaa ya maandalizi, kwa daktari mwenye sauti ya kumpumzisha mchezaji hata kama mashabiki wanamtaka, na kwa mkataba unaozifunga pande zote mbili. Hujengwa vizuri zaidi katika timu za vijana, ambako mtoto wa miaka 15 hufundishwa kumfuata beki kwa kupinda kabla hajafundishwa kupiga chenga, ili akipanda timu ya wakubwa mwalimu mpya asianze naye ukurasa wa kwanza siku 11 kabla ya mechi.