"Pick" bila "Up": Mhadhara wa Umma, Kapseret



Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Eldoret uko hapa kwetu Kapseret tangu 1997, na msafiri akishatua hupiga simu aje achukuliwe. Msikilizeni anavyosema: "Come pick me at the airport." Akichanganya lugha ndiyo kabisa: "Kuja unipick." Asipojibiwa analalamika kwamba fulani "hapick simu". Mwingereza angesema "pick me up". Sasa hiyo "up" tumeitupa wapi? Cha kuchekesha, kwenye gari tumeibakisha. Pikapu inayobeba mitungi ya maziwa kwenye barabara ya Kapsabet haijapoteza hata silabi moja.

Msikubali kuambiwa kwamba huu ni uvivu. Wanaisimu waliochunguza Kiingereza cha Afrika Mashariki, Josef Schmied miongoni mwao, wameonyesha kwamba vijineno kama "up" huku kwetu vina desturi yake: pengine hudondoshwa, pengine huongezwa pasipohitajika, kama tunaposema "cope up with". Na sababu, kwa maoni yangu, iko nyumbani. Kitenzi cha Kiswahili humaliza kazi yake chenyewe: chukua, chukulia, chukuliana. Kinandi nacho, kama walivyoeleza Chet Creider na Jane Tapsubei Creider katika sarufi yao ya 1989, hubandika kiambishi kwenye kitenzi kuonyesha kama tendo linamwelekea msemaji au linaondoka kwake. Mtoto wa Kapseret anaingia darasani akiwa na lugha mbili ambamo kitenzi hubeba mizigo yake mgongoni. Kiingereza kinampa kitenzi ambacho sehemu ya maana yake imeachwa nje, tena sehemu hiyo inahamahama.

Kuidondosha "up" kuna gharama mara chache, lakini ipo. Mwambie kijana "pick the maize" naye ataingia shambani kuchuma mahindi. Mwambie "pick up the maize" atatafuta gari akabebe magunia ya kilo 90 ambayo tayari yameshonwa. Kazi ni mbili, na ujira wake haulingani.

Katika mtihani wa KCSE, mtahiniwa huambiwa aondoe maneno yaliyopigiwa mstari, mahali pake aweke kitenzi chenye kijineno, kama "pick up". Matokeo yake wanafunzi hukariri orodha: "put off" ni kuahirisha, "look after" ni kutunza, "put up with" ni kuvumilia. Maana wanazo. Lakini swali hilo haliwaulizi mtendwa, yaani anayepokea tendo, akae wapi, na sarufi yenyewe imejificha hapo hapo.

Tuangalie kwa karibu. "Pick up the child" ni sawa, na "pick the child up" ni sawa. Badala ya mtoto weka "her": "pick her up" inakubalika, "pick up her" haikubaliki. Kumbe Kiingereza nacho, kama sisi tunaposema "mchukue", hupenda kiwakilishi kikae karibu na kitenzi. Mwisho wa sentensi huachiwa habari mpya, yenye uzito. Ndiyo maana mtendwa akiwa mrefu, tuseme magunia ambayo mjomba aliyaacha kwenye ghala la ushirika, hakuna anayengoja afike mwisho ndipo aseme "up".

Jaribuni sasa na "look after". "Look after her" ni sawa. "Look her after" haisemeki, hata na mtoto wa miaka minne kule London. Hapa "after" ni kihusishi: kimeshikana na mtendwa wake na hakiwezi kumruka. "Up" ya "pick up" ni kielezi, hivyo ina uhuru wa kusogea. Mara nyingi sikio hutambua tofauti hii kabla ya jicho: katika "pick her up" mkazo huangukia "up", katika "look at her", ambapo "at" nayo ni kihusishi, huangukia "look". Sijui kwa nini vitabu vingi vya darasani huipita habari ya mkazo kimya kimya, ilhali mwalimu haihitaji chaki kuifundisha.

Basi kabla ya chai, semeni kwa sauti "bring up" na "look into", kisha mtafute mahali pa kuiweka "them" katika kila kimoja.