Mfongo na Programu Huria
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Moshi)

Mmeniomba nieleze kazi yangu ya kompyuta. Nitaanza na jembe.

Kwetu mlimani, mfongo ukiziba, watu huitwa na kila nyumba hutoa mtu wa kuusafisha. Asiyefika hutozwa faini au hukosa zamu ya maji. Lakini hata mwenye nguvu za simba haruhusiwi kuhamisha banio usiku peke yake. Wa chini wataamka hawana maji.

Programu huria ni mfongo wa namna hiyo. Maandishi yanayoiendesha yako wazi. Kila mtu ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia na kuyarekebisha. Kwa uwazi huo, mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Hawakungoja kampuni ya ng'ambo itukumbuke.

Baadaye nami nilitaka kusaidia programu nyingine, ambayo Kiswahili chake sikukipenda. Usiku mmoja nilibadili maneno zaidi ya 300, nikayatuma kwa mkupuo pamoja na barua ya kuwakaripia waliotangulia. Nilijibiwa kwa upole: nitume sehemu ndogo ndogo, na kila badiliko liwe na sababu yake. Nilinuna wiki mbili. Mimi, msomi wa shule hii! Kumbe nilikuwa nimehamisha banio usiku. Baadhi ya maneno niliyoyafuta yalikuwa yamekubaliwa baada ya mjadala mrefu ambao sikujali kuusoma.

Nilirudi na jambo moja tu. Kitufe cha kuhifadhi kazi kilikuwa na majina matatu katika kurasa tatu. Nilionyesha ni wapi, nikapendekeza jina moja, nikaeleza kwa nini. Lilipokelewa. Leo mimi ni miongoni mwa wanaokagua kazi za wengine, na najua uzito wa kufungua furushi la mtu mwenye hasira.

Basi, vijana, someni kwanza yaliyokwisha kujadiliwa. Ukiona hitilafu, eleza ulifanya nini, ulitarajia nini, ukapata nini. Kusema "imeharibika" hakumsaidii fundi. Rekebisha jambo moja kwa wakati mmoja na uandike sababu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Ukikosolewa, kinachokosolewa ni kazi yako, si ukoo wako. Wala usidharau kazi ndogo: anayeondoa majani makavu kwenye mfongo naye ameleta maji.

Maji tunayokunywa tuliyakuta yamechimbiwa njia na watu tusiowajua. Nasi tuwaachie wa chini yetu mfongo ulio safi.