Mitambo Haifundishi Peke Yake

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu na wanafunzi wenzangu wa zamani,

Nimeombwa niseme machache juu ya mitambo na elimu ya juu. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971, masomo yake yalitangazwa na BBC kwa redio na televisheni. Lakini mwanafunzi alipeleka kazi zake kwa posta, na mwalimu akazisahihisha na kumweleza alipokosea. Hapo ndipo elimu ilipopatikana.

Kwetu, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya mwaka 1992. Mkongo wa baharini ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, njia ya mtandao ilipanuka. Hata hivyo, katika utumishi wangu nimeona kompyuta zikinunuliwa kwa sherehe, na muda wa mwalimu usitengewe hata senti.

Kwa hiyo natoa hoja: mchango wetu wa mwaka huu usiishie kwenye kompyuta. Maktaba ya shule ifunguliwe jioni kwa wakulima na wafanyakazi wa hapa wanaosoma chuo kwa mbali, na sisi wenye shahada tushike zamu ya kuwaelekeza.