Rafiki Aliyeuliza, Kisha Akatafuta Kazi

Masomo: 2 Wafalme 4:1-7, Yakobo 2:14-17

 

Leo tunasema juu ya mama mwenye watoto ambaye anatafuta kazi, na juu ya rafiki ambaye anaweza kumsaidia kuipata. Ni jambo la kila siku katikati yetu, lakini mara chache linafika madhabahuni. Tunahubiri juu ya kutoa sadaka. Tunahubiri juu ya kungojea muujiza. Lakini mama anayebisha mlango wa rafiki wa zamani na kumwambia, "Sikuja kuomba unga, nimekuja kuomba kazi," huyo tunamhubiria nini?

Biblia haikumsahau. Katika 2 Wafalme 4 yupo mjane wa mmoja wa wana wa manabii. Mumewe alimcha Mungu, lakini alikufa na deni. Mwenye kudai anakuja kuwachukua watoto wawili wawe watumwa. Mama anakwenda kwa Elisha na kusema yote, bila kuficha. Angalieni nabii anafanya nini. Anamwuliza ana kitu gani nyumbani. Mama ana mafuta kidogo tu. Elisha anamtuma kwa majirani kuazima vyombo, vyombo vingi. Mafuta yanajaa. Na mwisho, nabii anamwambia ayauze, alipe deni, kisha aishi na watoto wake kwa kile kinachobaki. Mungu alifanya muujiza, lakini muujiza ule ulimpeleka mama sokoni. Majirani nao walikuwa na sehemu yao: walitoa vyombo.

Sasa nataka niwapeleke mbali kidogo, Marekani, karibu miaka 180 iliyopita. Mama ninayetaka mumjue hakuwa wa kanisa la aina yetu. Lakini alilia machozi ambayo wamama wengi wa kanisa letu wanayajua.

Jina lake Abigail May. Alizaliwa mjini Boston tarehe 8 Oktoba 1800, katika jamaa yenye heshima. Kaka yake Samuel alikuwa mchungaji, tena mmoja wa wale waliopigania watumwa weusi waachwe huru. Mwaka 1830 Abigail aliolewa na mwalimu Bronson Alcott. Mungu akawapa binti wanne: Anna, Louisa, Elizabeth na mdogo wao aliyeitwa May.

Mume huyu hakuwa mlevi. Alikuwa mtu wa mawazo makubwa. Mwaka 1834 alifungua shule Boston, akafundisha watoto kwa maswali na mazungumzo kuliko kwa fimbo. Lakini alitoa kitabu juu ya mazungumzo yake na watoto kuhusu Injili, na watu wa mji wakakasirika. Wanafunzi wakapungua. Baadaye alipompokea mtoto mmoja mweusi na kukataa kumfukuza, wazazi wengi waliobaki wakaondoa watoto wao. Shule ikafa, deni likabaki. Kwa habari ya mtoto yule, Bronson alifanya haki na tunamheshimu. Lakini heshima haijazi sufuria.

Mwaka 1843 akaenda na jamaa yake na rafiki wachache kwenye shamba moja, ili waishi maisha matakatifu mbali na ulimwengu. Hawakula nyama wala maziwa. Hawakuvaa pamba, kwa sababu ililimwa na watumwa. Hawakutaka kutumia wanyama kulima. Na nani alipika, akafua, akashona, akaangalia watoto? Ni Abigail. Januari 1844, katikati ya baridi kali, mpango ule ulikuwa umevunjika. Mume alianguka kwa huzuni, akaugua. Mama ndiye aliyekusanya watoto na kutafuta mahali pa kulala.

Watu waliwasaidia, hatuwezi kusema waliachwa. Mwaka 1845, kwa sehemu ya urithi wa baba yake Abigail na dola 500 walizopewa na rafiki yao, mwandishi Ralph Waldo Emerson, walipata nyumba katika kijiji cha Concord. Kaka yake naye alisaidia mara kwa mara. Lakini, wapenzi, zawadi inaliwa na kwisha. Nyumba walikuwa nayo, mkate haukuwapo. Mwaka 1848 Abigail alikubali hata kwenda jimbo lingine, Maine, kuwa msimamizi wa nyumba ya wagonjwa waliotibiwa kwa maji. Aliwaacha binti wakubwa nyuma na baba yao. Mama aliyewahi kuachana na watoto ili awatafutie chakula anajua moyo wake ulikuwaje.

Sasa sikilizeni vizuri. Binti wa pili, Louisa, ambaye baadaye alikuwa mwandishi mwenye jina, ndiye aliyetuachia habari hii mwishoni mwa maisha yake. Anasema siku moja rafiki mmoja wa mama yake alipita Concord, akaingia kumsalimu. Akamkuta na machozi usoni, ambayo hakuweza kuyaficha. Rafiki akamwuliza maana yake ni nini. Abigail akamweleza hali yao ilivyo. Yule rafiki akamwambia aje Boston, naye atamtafutia kazi.

Na akaitafuta kweli! Mwezi wa Novemba mwaka ule wa 1848 jamaa yote ilihamia Boston. Watu wenye uwezo walichanga feza, na Abigail akaajiriwa kutembelea maskini wa mji, kwa mshahara. Aliingia katika vyumba vya wageni, wengi wao watu wa Ireland waliokimbia njaa kubwa ya kwao. Aliwapelekea nguo, chakula na makaa. Aliwatafutia kazi. Aliandika taarifa kwa wale waliomlipa. Leo waandishi wengi wanamhesabu kati ya wanawake wa kwanza katika jimbo lile kulipwa mshahara kwa kazi ya namna hiyo.

Kutoka hapo tujifunze maneno matatu.

Neno la kwanza ni kwa mama mwenye shida. Sema ukweli. Abigail alitoka katika jamaa kubwa, angeweza kupangusa uso na kusema, "Sisi ni wazima tu." Yule rafiki angekunywa chai yake, angeaga, na pengine njaa ingeendelea. Sisi tumejifunza kuficha. Dada anaulizwa mlangoni mwa kanisa, "Habari ya nyumbani?" Anajibu, "Mungu ni mwema." Ndiyo, Mungu ni mwema! Lakini watoto wamefukuzwa shuleni na mwenye nyumba amekuja mara mbili. Yule mjane wa 2 Wafalme hakumwambia nabii kwamba Mungu ni mwema na kwenda zake. Alitaja deni, alitaja watoto. Kutaja shida mbele ya mtu mwaminifu si upungufu wa imani. Na kuomba kazi si aibu. Anayeomba kazi analeta mikono yake, hakuja mikono mitupu.

Neno la pili ni kwa rafiki. Yule mama hakusema tu, "Pole, tutakuombea." Yakobo 2 inatuonyesha mtu anayemwaga ndugu mwenye njaa kwa maneno mazuri, amwambie ashibe na aote moto, bila kumpa kitu. Imani hiyo Yakobo anaiita iliyokufa. Rafiki wa Abigail alifanya mambo matatu: aliona machozi, aliuliza, akatafuta. Pengine wewe huna kampuni wala biro. Lakini unamjua mtu anayetafuta mpishi, mshonaji, mwalimu wa watoto, mtu wa kuuza dukani. Unaweza kusema neno moja kwa ajili ya dada yako. Unaweza kuazima chombo, kama wale majirani: cherehani, sufuria kubwa, meza ya soko. Zawadi ya unga ni nzuri, mtoto mwenye njaa hawezi kungoja. Lakini unga unakwisha Ijumaa, na kazi inaleta unga mwingine juma linalokuja.

Neno la tatu ni gumu, nanyi mnivumilie. Kazi iwe na malipo ya haki. Abigail alitembea katika nyumba za maskini, akaona kwamba wengi hawakuwa wavivu. Walifanya kazi tangu asubuhi mpaka usiku, na malipo yalikuwa madogo mno. Katika taarifa zake alisisitiza kwamba maskini wanahitaji kazi, lakini zaidi wanahitaji kazi ile ilipwe kwa haki. Matajiri waliomtuma kupeleka nguo kuukuu, aliwaonyesha kwamba sadaka haiwezi kufunika mshahara ulioibiwa.

Jambo hilo likaja kugonga mlango wake mwenyewe. Baadaye Abigail alifungua nyumbani biro ndogo ya kuwaunganisha wanaotafuta kazi na wanaotafuta watumishi. Siku moja mtu wa kuheshimika kutoka mji wa Dedham alikuja, akasema dada yake anahitaji msichana wa kukaa naye. Alizungumza vizuri, akaahidi mema. Louisa akajitoa kwenda. Alipofika, akajikuta anapasua kuni, anachota maji, anafagia theluji. Alivumilia majuma 7. Alipoondoka akapewa mfuko mdogo wa feza. Alipoufungua njiani, akakuta dola 4. Jamaa ile, na umaskini wao wote, ikazirudisha!

Ndugu zangu, mtu wa Dedham yupo hata kati yetu. Tunamchukua binti wa dada fulani wa kanisa aje "kusaidia" nyumbani. Anaamka kabla ya jogoo, analala baada ya watu wote. Mwezi ukiisha tunamwambia, "Sisi ni jamaa moja katika Kristo, Mungu atakulipa." Fundi mwaamini anashona magauni ya kwaya, feza yake inangoja mwaka mzima. Someni Kumbukumbu la Torati 24:14-15. Mungu anaagiza mfanyakazi maskini alipwe siku ileile, kabla jua halijatua, asije akamlilia Bwana. Neno "Mungu akubariki" haliwezi kusimama mahali pa mshahara. Baraka iwe juu ya mshahara.

Msifikiri kwamba Abigail alipata kazi na shida ikaisha mara moja. Mwaka 1850 alilisha wageni maskini katika bustani yake, na ndui ikaingia nyumbani. Binti waliugua kidogo, lakini yeye na mumewe waliugua sana. Mwaka 1856 Elizabeth alipata homa kali kutoka kwa jamaa maskini ambayo mama alikuwa anaisaidia. Hakupona kabisa, akafa Machi 1858. Sina maelezo mepesi juu ya kifo kile. Nasema tu kwamba mama yule alilipa kwa upendo wake kuliko alivyolipwa kwa kazi yake, na hakufunga mlango.

Louisa aliyaona hayo yote. Mwaka 1868 alitoa kitabu juu ya mama mmoja na binti zake wanne, kinachoitwa Little Women. Kilisomwa sana, na kwa kalamu yake Louisa alilipa madeni ya jamaa. Mama yake alifariki Novemba 1877, akiwa na miaka 77, akitunzwa na binti yake. Yule rafiki aliyeingia nyumba ya Concord siku ile hakujua kwamba alikuwa anasaidia kulea mwandishi. Yeye aliona machozi tu. Nasi hatujui mtoto gani anakua katika nyumba ya dada yule anayekaa benchi la nyuma.

Basi juma hili nawapa kazi tatu. Mama mwenye shida, mchague mtu mmoja mwaminifu, umwambie ukweli, na umwambie mikono yako inaweza nini. Wewe uliye na nafasi, mkumbuke rafiki mmoja wa zamani ambaye hujamwona ibadani siku nyingi, uende kwake, uulize, na usikimbie jibu. Na wewe uliye na deni la mfanyakazi, usije na sadaka Jumapili kabla hujamlipa. Ulipe kwanza, ndipo uje.

Tuombe. Baba, wewe unaona machozi yanayopanguswa kabla mgeni hajaingia. Wape wamama wetu ujasiri wa kusema, na mikono yao kazi. Tupe sisi macho ya kuona, na miguu ya kwenda kutafuta kwa ajili yao. Ondoa katika nyumba zetu mshahara uliozuiliwa. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.

Mungu awabariki, na mkae na amani yake.