DAWA YA NUSU NA MTOTO MCHANGA
Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Suneka



Leo hatukuja kusema habari za mshahara, ingawa mwisho tutafika huko huko. Tumekuja kusema habari za dawa za kuua vijidudu tunazonunua hapa sokoni, na mtoto anayezaliwa.

Desturi yetu sote twaijua. Mtu ameamka na homa, au tumbo linamwendesha. Akienda zahanati atakaa foleni mpaka saa nane, na kibarua cha siku hiyo kimekwisha kwenda. Basi anapita dukani, anasema, "Nipe zile za rangi mbili, za shilingi hamsini." Anapewa vidonge vichache bila cheti cha daktari, anameza viwili vitatu, anapata nafuu, anarudi kazini. Vilivyobaki anamwekea mkewe. Wengine huwatilia kuku katika maji. Na mara nyingi homa ile au kuhara kule hakukuhitaji dawa hiyo hata kidogo.

Dawa ikitumiwa hivyo huua vijidudu dhaifu na kuviacha vyenye nguvu, navyo huzaana. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alilionya jambo hili mwaka 1945 alipopewa Tuzo ya Nobel. Kwa hiyo si habari ngeni, ila hatukuisikiliza.

Ubaya wake ni kwamba mtu aweza kubeba vijidudu hivi tumboni bila kuugua. Watafiti walipima watu wa Nairobi na Siaya, wakatangaza matokeo mwaka 2023. Kati ya watu waliokuwa majumbani mwao, zaidi ya theluthi walibeba vijidudu visivyosikia dawa za jamii ya seftriaksoni, ile sindano inayotegemewa sana katika hospitali zetu. Kati ya waliolazwa hospitali, ni zaidi ya nusu. Siaya si mbali na sisi.

Sasa mfikirie mama mjamzito. Anavyo, wala hajui. Vikiingia katika mkojo vyaweza kumletea maradhi, na mtoto akazaliwa kabla ya siku zake. Wakati wa kuzaa mtoto hukutana navyo. Lakini asilaumiwe mama peke yake, maana vijidudu hivi husafiri pia kwa mikono isiyonawiwa na vyombo visivyochemshwa katika wodi. Mahali ambapo bomba halitoi maji, mkunga atanawa na nini?

Mtoto mchanga akishikwa katika siku 28 za kwanza, daktari huanza na penisilini au ampisilini pamoja na jentamisini. Kijidudu kisiposikia, saa zinapotea, na mtoto wa siku tatu hana saa za kupoteza. Dawa kali zaidi, kama meropenemu, ni ghali na hazipatikani kila mahali. Mkiona mtoto amekataa kunyonya, amelegea, anapumua mbiombio, amepata moto sana au amekuwa baridi, au anashtuka kwa degedege, msipite dukani. Pandeni gari barabara hii hii mpaka hospitali kubwa ya Kisii, hata kama ni usiku.

Sasa tumefika kwenye kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yampa mama miezi 3 ya likizo ya uzazi kwa mshahara kamili, na baba wiki 2. Aliyefanya kazi miezi 2 mfululizo ana haki ya siku 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu, akileta cheti cha daktari. Kifungu cha 37 chamlinda kibarua aliyewekwa muda mrefu akiitwa kibarua tu. Lakini kifungu cha likizo ya uzazi hakitaji siku za kliniki kabla ya kuzaa, na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2016 lataka mama aonwe mara 8. Mwanamke anayekatwa posho mara 8 atakwenda mara ngapi? Huko kliniki ndiko mkojo hupimwa, na dawa hutolewa kwa kipimo.

Halmashauri yenu yataka mambo mawili yaandikwe katika mapatano yajayo na waajiri: siku ya kliniki isikatwe mshahara, na kila mahali pa kazi pawe na maji na sabuni. Akina mama waliokatwa posho kwa ajili ya kliniki na wamwone katibu, waje na kadi zao.