Kumsajili Nyota ni Mwanzo Tu

Katika mpira wa kikapu wa vyuo vya Marekani, kocha husifiwa kwa majina aliyosajili, na sifa hiyo hutolewa mapema mno. Mwaka 2015 Kentucky ya John Calipari, iliyosheheni chipukizi waliowindwa na NBA, ilishinda mechi 38 mfululizo, kisha ikang'olewa nusu fainali na Wisconsin, timu ya wachezaji waliozoeana. Mwaka uliofuata Villanova ya Jay Wright ikatwaa ubingwa ikiongozwa na Ryan Arcidiacono, mwanafunzi wa mwaka wa nne.

Mtauliza: je, Kentucky hiyohiyo haikubeba kombe 2012 kwa Anthony Davis wa mwaka wa kwanza? Ilibeba, na kipaji hakina mbadala. Lakini kando yake alikuwapo Darius Miller, wa mwaka wa nne. Mkongwe kama huyo hupatikana kwa kubaki chuoni, na tangu 2021, mchezaji aliporuhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, kazi ngumu zaidi ni kuwabakiza uliowalea. Fedha za matangazo wanazolipwa wachezaji huvuta wengi wahame, ndiyo. Hata hivyo, katika Connecticut ya Dan Hurley, bingwa wa 2023, Donovan Clingan alianzia benchi nyuma ya Adama Sanogo, akabaki, na 2024 akawa nguzo ya ubingwa wa pili mfululizo.